Makala ya Arobaini na Nane

"Panya kaingia ghalani. Ndege inaruka baada ya dakika arobaini."

Pilipili hakumuuliza Mkuu ghala gani. Alizima simu, akaichomeka bastola yake ya Glock 19 kiunoni, akapanda ngazi za Idara ya Mimea ya chuo kikuu mbili mbili. Alikuwa jasusi mwenye miaka kumi na tano kazini, na hilo jina la utani alilipata kwa haki.

Mtafiti mzee alikuwa peke yake maabarani, koti jeupe limefungwa vifungo kombo. Wenzake walimwita Profesa kwa kumtania tu. Cheo chenyewe alinyimwa mara nne. Miaka thelathini na mmoja, makala sitini na sita, na wataalamu waliowahi kuzinukuu ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja ukabakiwa na kidole.

"Shikamoo, mzee. Ule ukungu wa mahindi uko wapi?"

"Nimewapa wenzangu."

"Wenzako gani?"

Mzee akamgeuzia kompyuta, macho yanang'aa. Makala ya arobaini na nane: ukungu unaokausha shamba zima kwa siku tisa. Miaka kumi na miwili hakuna aliyeigusa. Tangu mwaka huu uanze, imenukuliwa mara arobaini na moja.

"Chuo cha ng'ambo hicho, mwanangu. Wakaomba sampuli. Mjumbe wao katoka hapa sasa hivi."

"Chuo hicho hakipo. Majarida yao ni ya kubuni. Hakuna aliyekusoma, mzee. Walikutega kwa sifa, wakaue mahindi ya nchi nzima."

Mzee alikaa chini. Taratibu, kama mtu aliyeambiwa kuna msiba nyumbani. Pilipili alimhurumia na kumkasirikia kwa pamoja.

"Kaibeba kwenye nini?"

"Chupa ya chai. Ya kijani." Akainua kichwa. "Usiifungue. Ichome moto."

Pikipiki ya Suzuki ilinguruma.

Taa nyekundu. Akapita.

Taa nyekundu nyingine. Akapita hiyo nayo, na matusi ya madereva nyuma yake.

"Mkuu, nimefika uwanja wa ndege. Mlango wa mizigo. Namwona."

"Mshike akiwa hai."

"Ikiwezekana."

Suti ya kijivu, chupa ya kijani kwapani. Pilipili akamzibia njia kati ya makontena mawili.

"Kulikoni, dada? Hii ni chai tu," mwanamume alisema, akitabasamu.

"Basi inywe."

Tabasamu likafa. Mkono wake ukaruka ndani ya koti. Pilipili alikuwa ameshafika. Kiwiko kwenye koo, goti tumboni, kifundo cha mkono kikalia *ka!* Bastola ikaanguka. Chupa aliidaka sentimita chache juu ya sakafu.

Mjumbe aliwaachia walinzi wa uwanja, amefungwa pingu. Tanuri la kuchomea taka za uwanja lilikuwa likiwaka. Alisimama mbele yake nusu saa, jasho likimtiririka, mpaka chupa ikawa donge.

"Imekwisha, Mkuu."

"Safi. Sasa zifute kazi za mzee. Zote sitini na sita, mtandaoni na maktabani, adui mwingine asizipate."

"Mkuu, humo ndani kuna makala ya mbegu inayoushinda ukungu huo. Hawa jamaa wakiupata kwingine, tutajikinga na nini?"

"Ni amri, Pilipili."

Aliporudi maabarani, mafundi wa Idara ya Usalama walikuwa wakibeba makabati. Mzee alikuwa amesimama ukutani ili asiwazuie njia. Ilimuuma Pilipili kuona adabu hiyo.

"Zile nukuu arobaini na moja," mzee aliuliza, "hata moja haikuwa ya kweli?"

"Hata moja."

Mzee akatikisa kichwa.

"Ila mimi nimezisoma makala zako, mzee. Zote sitini na sita. Mwezi mzima nilikuwa nalichunguza faili lako."

"Ukaelewa?"

"Ile ya mbegu niliielewa. Ni kazi nzuri sana."

Mzee alimsogelea. "Basi iandike mahali, mwanangu. Hata mstari mmoja, na jina langu mwishoni."

"Siruhusiwi."

Fundi alimsogezea Pilipili kompyuta. Ilihitaji alama ya kidole chake ili ianze kufuta. Aliweka kidole, akasubiri mpaka orodha yote ya makala ikapotea kwenye kioo, akavaa miwani yake ya Ray-Ban na kushuka ngazi bila haraka.