Mchumba wa Refa

"Wes, nakuuliza mara moja tu. Ule mpira ulikugusa?"

Rona Baira alikuwa ameshika usukani lakini gari hajaliwasha. Bado alikuwa na shati lake la urefa, filimbi inaning'inia kifuani. Mvua ya mji wa Cairns ilikuwa inapiga kioo, na nje mashabiki walikuwa wanapita wakiimba jina la Wesley Warria, wengine wakigonga boneti kumpongeza.

"Mambo yalienda mbio, Ro. Hata mimi sijui."

"Hujui?"

"Mikono ilikuwa mingi pale. Ungekuwa wewe ungejua?"

Rona alimwangalia kidogo, kisha uso ukamlegea.

"Basi sawa. Mgongo wa yule jitu wa timu ya Mackay ulinikinga, sikuona kitu. Ndiyo maana nikakutazama wewe. Nikasema huyu hawezi kunidanganya."

Akawasha gari. Wes akageukia dirishani.

Jamani, alijua. Mpira ulimgonga kidole cha kati ndipo ukatoka nje, na kidole chenyewe kilikuwa kinamuuma pale pale alipokaa. Mtu anajikwaa halafu anasema hajui kama amejikwaa?

Ilikuwa nusu fainali. Cairns wako nyuma kwa pointi moja, muda unakaribia kuisha, mpira umetoka nje, na anayeugusa mwisho timu yake inaupoteza. Wachezaji wote wakanyoosha vidole, kila timu upande wake, maana hiyo ndiyo tabia ya mpira wa kikapu: ujue usijue, unadai mpira ni wenu. Wes naye akanyoosha. Rona akamtazama machoni, Wes hakupepesa. Rona akawapa Cairns mpira, Wes akafunga, ukumbi ukalipuka.

Na Rona hata hakutakiwa kuchezesha mechi ile. Refa wa kutoka Brisbane alikwama kwa sababu ya kimbunga, ndege hazikuruka. Mji mzima ulijua kwamba yeye na Wes wana pete ya uchumba. Lakini nahodha wa Mackay mwenyewe ndiye aliyesema, "Rona tunamjua. Apulize tu." Hilo ndilo jina alilokuwa nalo yule binti. Alikuwa anasubiri kupandishwa akachezeshe ligi ya kulipwa, na hakuna mtu wa visiwa vya kaskazini, walikotoka yeye na Wes, aliyewahi kufika huko.

Wes naye alikuwa na lake. Alianzia kwenye uwanja wa saruji nyuma ya kanisa, kisiwa cha Thursday. Akapata shule ya bweni kusini, kisha chuo ng'ambo, kule Nebraska, ambako alikula baridi mpaka akaota kisiwa chao kila usiku. Akarudi akasajiliwa na timu ya kulipwa, akakaa mwisho wa benchi msimu mzima akiwagawia wenzake taulo, halafu akaambiwa asante kwa huduma. Sasa alikuwa anapakia mizigo bandarini mchana, jioni anachezea Cairns, na umri unakimbia. Siku ile ya nusu fainali, mtu wa klabu moja kubwa ya kusini alikuwa jukwaani akitafuta wachezaji.

Asubuhi video ilikuwa kwenye kila simu. Kidole cha nani kiligusa mpira hakikuonekana. Kilichoonekana wazi ni refa akimtazama mchumba wake, kisha akimpa mpira.

"Refa na bwana ake, timu moja hiyo," mmoja aliandika.

"Malipo atapewa nyumbani," akajibu mwingine, na watu wakajaza vicheko chini yake.

Mchana Wes akapokea ujumbe wa Rona: "Chama cha kikapu kimenisimamisha. Kikao Ijumaa. Usijali, nimewaeleza ukweli, kwamba nilikutazama na kwamba nakujua."

Wes aliusoma akiwa amejificha chooni pale bandarini. Akaandika, "Pole mpenzi." Akafuta. Akaandika tena maneno yale yale, akatuma. Aibu ikampanda mpaka masikioni, mwanaume mzima amekaa chooni anatuma pole kwa kidonda alichokitia mwenyewe.

Hajatoka, simu ikaita. Ni Grant, wakala wake.

"Mzee, ile klabu ya kusini imekukubali. Mkataba wa miaka miwili. Ndege yako Ijumaa asubuhi."

"Ijumaa kuna kikao cha Rona."

"Wewe umeitwa?"

"Hapana. Grant, sikiliza. Ule mpira ulinigusa."

Grant akacheka.

"Ndiyo kikapu hicho. Kila mchezaji ananyoosha kidole. Refa kapewa macho ya nini?"

"Na nikienda kuwaambia?"

"Klabu inasajili mchezaji, haisajili kesi. Wapo wengine wanaililia nafasi hiyo hiyo. Kaa kimya, usaini, baadaye utamnunulia zawadi nzuri."

Wes akakaa kimya. Kukaa kimya kulikuwa kumeanza kumzoea.

Alhamisi jioni shangazi yake Lulu akamwandalia karamu ya kumuaga. Samaki wakachomwa, viazi vikuu na maboga vikapikwa kwa tui la nazi, ndugu wakajaa barazani. Rona alikuwa amesema atachelewa. Mjomba wake Wes, Tomasi, mtu wa maneno, akasimama na bilauri yake ya soda.

"Wajukuu zangu mkitaka kufika mbali kwenye kikapu," akasema, "mazoezi ni kitu cha pili. Cha kwanza, oeni refa."

Baraza zima likaangua kicheko. Wes naye akacheka. Alicheka kwa sauti, kwa sababu kila mtu alikuwa anamwangalia na hakujua aufanye nini uso wake.

"Tomasi, nyamaza," Shangazi Lulu akasema taratibu.

Rona alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mikononi. Akamkabidhi shangazi ile sufuria, akamwamkia kwa heshima, akageuka. Wes alimfikia kwenye gari.

"Ro, walikuwa wanatania."

"Mji mzima unanitania, nimeshazoea. Wewe umecheka."

"Ningefanyaje mbele ya watu?"

"Ungenuna. Ungemkatalia mjomba wako. Mtu anayejua mwenzake kasingiziwa hacheki vile." Akamsogelea. "Ulikugusa, Wes?"

Wes akatazama viatu vyake.

"Usiangalie chini. Nijibu."

"Ulinigusa."

Rona hakulia, wala hakupandisha sauti.

"Kumdanganya refa si kitu. Sisi tunadanganywa kila wiki, ndiyo kazi yenyewe. Lakini mimi pale sikumtafuta mchezaji, nilikutafuta wewe. Ukaona nimekutafuta, ukanitumia. Halafu garini nikakuuliza kama mke, ukanitumia tena. Nimekukingia kifua wiki nzima mbele ya watu wazima, Wes."

"Nisamehe."

"Safari njema."

Akaondoka. Wes alirudi barazani, watu wakampa sahani, akaishika tu mpaka chakula kikapoa.

Ijumaa asubuhi ndege iliruka bila yeye. Grant alipiga mpaka akachoka. Wes alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi ya chama, chumba kidogo chenye meza ndefu. Rona alikuwa amekaa peke yake upande mmoja. Upande wa pili wajumbe watatu, mmoja wao mwenyekiti, Bi Patterson, mwanamke wa mvi asiye na mzaha.

"Kijana, hujaitwa hapa."

"Najua, mama. Naomba niseme kitu kimoja niondoke."

"Sema."

"Mpira ulinigusa mimi. Ulikuwa wa Mackay. Refa hakunipendelea, mimi ndiye niliyemdanganya."

Rona hakugeuka kumtazama.

"Wachezaji wote wananyoosha vidole," Bi Patterson akasema. "Hilo tunalijua. Nataka kujua lingine. Alikutazama, na ulijua kwamba hakuona. Kwa nini hukumwambia kweli?"

Wes akaingia hatua moja ndani. Kumbe ukweli una ngazi, na ile ya mwisho ndiyo yenye miiba.

"Kwa sababu nilijua ataniamini," akasema. "Angekuwa refa mwingine ningesita. Kwake sikusita, kwa kuwa ananipenda. Ndiyo sababu yenyewe. Sina nyingine."

Mjumbe mmoja akainamisha kichwa, ukadhani yeye ndiye aliyetenda.

Rona ndiye aliyesema. "Na mimi nina langu. Refa anatazama mpira, hatazami uso wa mtu. Mliandike hilo pia."

Wakaliandika. Wakamsafisha Rona na tuhuma ya upendeleo, wakamrudishia filimbi yake. Lakini ile ligi ya kulipwa wakamwambia mwakani, watu kwanza wasahau. Wes akasikia neno "mwakani" likimchoma kuliko alivyochomwa na ujumbe wa Grant uliomkuta nje: "Nafasi kapewa mwingine. Umeharibu, mzee."

Alimwonyesha Rona ile simu, si kwa kumwomba huruma, alishindwa tu kuificha. Rona akasoma.

"Pole," akasema. "Nilitaka uende. Kweli nilitaka."

"Najua."

"Jina langu umelirudisha pale ndani kwa watu watatu. Nani atawaambia wengine? Bibi yangu wiki hii hajakwenda kanisani. Mama yangu anapita njia ya nyuma kwenda dukani. Nianze mimi kuwazungukia, nikisema mchumba wangu kanidanganya?"

"Nitakwenda mimi."

"Nyumba zote, Wes. Na kwa mjomba wako aliyenitania. Mimi uje mwisho."

Akaenda. Kwa watu wa visiwa, aibu ya mmoja inalala kwa wote, hivyo kila mlango ulikuwa na wenyewe wa kuumia. Alianza kwa Bibi Mareja, bibi yake Rona, aliyemsikiliza mpaka mwisho bila kumkaribisha kiti. Mama yake Rona alilia, akamwambia, "Nilikuita mwanangu." Nahodha wa Mackay, aliyepigiwa simu, alimjibu neno moja ambalo siliandiki. Mjomba Tomasi ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote, kwa sababu alinyamaza, na yeye hajawahi kunyamaza. Mwishowe alivaa kofia yake, akasema anakwenda kwa kina Baira kuomba radhi kwa ulimi wake.

Jumapili jioni Wes akafika kwa Rona. Akabisha, mlango ukafunguliwa nusu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Najua, wamenipigia wote. Bibi amesema ulitetemeka." Akamtazama kutoka juu mpaka chini. "Umekula?"

"Walinipa chai. Nilishindwa kumeza."

Rona akaufungua mlango wote.

"Ingia. Harusi usiniulize. Nitakapokuwa tayari nitakuambia, na kama sitakuwa tayari nitakuambia pia."

"Sawa."

Akampakulia wali na samaki, akaweka sahani mezani, akavuta kiti akakaa mbele yake. Wes alianza kula kichwa kimeinama, machozi yakidondokea kwenye wali. Hakuweza kuinua uso, na Rona hakumwambia auinue.