Tao la Mlango

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mabati ya mtaa wa Katuba, Exaucée alikuwa tayari ameteka maji mara mbili. Bomba la nyumbani lilikuwa pambo tu. Siku lilipotoa maji, majirani walishangilia. Kwa hiyo alikwenda na bidoni yake, dumu la plastiki, hadi kisimani kwa Mama Angélique, akapanga foleni, akarudi, akanywa chai, kisha akakimbilia shule. Mtu wa namna hiyo hupenda maji, lakini hapendi kuyabeba.

Mwezi huo shule ilikuwa inajenga chumba cha kusomea. Matofali yake yalitoka katika kichuguu kilichokuwa nyuma ya uwanja, kikubwa kuliko nyumba ya mkurugenzi wa shule. Wazazi walikichimba, wakakanda udongo wake, wakatengeneza matofali na kuyachoma kwa moto wa siku tatu. Exaucée alipoona kuta nyekundu zikipanda, alishindwa kuamini. Wadudu wadogo kuliko punje ya mchele ndio walioukusanya udongo wote ule, chembe kwa chembe, na sasa watoto wangeketi humo kusoma.

Fundi alikuwa Mama Brigitte, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele. Kazi ya uashi alifundishwa na baba yake, na hakuna mwanamume mtaani aliyethubutu kumsahihisha. Alikuwa ameunda umbo la mbao lenye mgongo wa duara, akaliegemeza mlangoni juu ya kabari mbili. Juu ya mgongo huo yangepangwa matofali ya tao.

“Batoto, musikilize,” aliwaambia wanafunzi wa darasa la sita. “Juu ya huu mulango sitaweka chuma. Sitaweka mbao. Hii mbao munaona, nitaitosha, nitaiondoa kiisha. Matafari itabakia yenyewe mu hewa.”

Watoto wakacheka. Exaucée akauliza, “Mama, na haitaanguka?”

“Kila moja inataka kuanguka, na kila moja inazuia mwenzake. Njo vile inasimama. Na plasta sitapiga hata kidogo. Plasta ni nguo. Mi nataka muntu akiingia hapa aone mafupa ya nyumba, aone vile inabeba uzito wake.”

Exaucée alitazama zile mbao. Jambo hilo alitaka kuliona kwa macho yake.

Mwalimu Clovis aligawa darasa katika makundi mawili. Kundi la Exaucée lingeandaa matofali ya upande wa kushoto wa tao, kundi la Dieumerci upande wa kulia. Kila tofali lilipaswa kuzamishwa katika beseni la maji na kubaki humo hadi litakapoacha kutoa mapovu.

“Tafari iliyochomwa iko na kiu,” alieleza Mama Brigitte. “Ukiiweka mukavu, itakunywa maji yote ya simenti, na simenti itabakia bunga, unga mukavu tu. Mapovu ikikwisha, njo imeshiba.”

Kisha mwalimu akaongeza neno lililoharibu kila kitu: kundi litakalomaliza kwanza, kiongozi wake ndiye atakayevuta kabari siku ya kuondoa mbao.

Dieumerci alichuchumaa mbele ya beseni akihesabu mapovu kana kwamba analipwa. Exaucée alimcheka. Beseni lake lilipopungua maji, aliitazama bidoni tupu, akakumbuka foleni ya kisimani, akachoka kabla hata ya kuinuka. Akapanga matofali yote yaliyobaki chini, akachota maji ya mwisho ya beseni kwa ndoo, akayamwagia juu. Yote yakawa mekundu na yenye kung’aa, na nani angejua kwamba tumboni yalikuwa makavu? Kundi lake likashinda, naye akapigiwa makofi.

Mama Brigitte aliyapanga matofali siku ile ile, yangali yana unyevu juu, na tao likaachwa likauke wiki nzima.

Jumamosi wazazi walijaa uwanjani. Exaucée, akiwa amesukwa nywele upya, alifika mlangoni kabla ya wengine. Kwa furaha akapitisha ukucha katikati ya matofali mawili ya upande wake. Mchanga ukamwagika. Akajaribu kiungo kingine. Mchanga ukamwagika tena, mkavu, ukamwingia kwenye viatu. Akakimbilia upande wa Dieumerci. Huko ukucha wake ulikwama kama kwenye jiwe.

Akaukung’uta mchanga viatuni. “Labda haidhuru,” akajiambia. “Labda litasimama tu.”

Hapo Mama Brigitte akaja, akapita kati ya watu, akasimama chini kabisa ya tao. Akakunja mikono.

“Mama, ondoka hapo!” mzazi mmoja alisema.

“Non. Papa wangu alikuwa anasimamaka chini ya kazi yake siku ya kutosha mbao. Fundi akiogopa kusimama, na batoto ba bantu bapite aje?” Akamgeukia Exaucée. “Haya, mutoto. Vuta.”

Exaucée akaishika kamba iliyofungwa kwenye kabari. Alimwona mama yake, Madeleine, akitabasamu kwa fahari katika kitenge chake kipya. Alimwona Mama Brigitte akiyatazama matofali yale bila wasiwasi wowote, kwa sababu aliwaamini watoto walioyaandaa. Akisema, ataaibika mbele ya mtaa mzima. Akinyamaza, je, kama yataanguka?

Akaiachia kamba.

“Mama Brigitte, toka hapo!” alilia. “Matafari ya huku haikunywa maji! Niliimwangia maji juu tu. Nilidanganya!”

Mama yake alishusha macho, na tabasamu likapotea. Hilo lilimuuma Exaucée kuliko minong’ono ya watu.

Mama Brigitte alitoka, akachukua mwiko, akakwangua viungo vya upande wa kushoto, mchanga ukachuruzika mbele ya wote. Akaliondoa tofali la kushoto kwa mikono mitupu. Halikuwa na hata chembe ya saruji iliyoshikamana nalo. Akagonga la kulia kwa nyundo. Nyundo ikaruka.

“Dieumerci,” alisema, “weye unajua kazi.” Kisha akamgeukia Exaucée. “Na weye umeniponesha. Kesho kutwa ulete bidoni.”

Wiki iliyofuata Exaucée aliteka maji hadi mabega yakawaka moto. Tao lote lilivunjwa, kwa kuwa nusu moja haiwezi kusimama bila mwenzake, na matofali yakasafishwa. Dieumerci angeweza kumcheka, tena alikuwa na haki, lakini alikuja akachuchumaa naye mbele ya beseni. Pamoja walitazama mapovu yakipanda, yakipungua, hadi povu moja la mwisho, kisha maji yakatulia.

Tao likapangwa upya, likaachwa likauke wiki nyingine. Jumamosi ya pili ya kuondoa mbao, Mama Brigitte aligonga kila kiungo kwa mpini wa mwiko, akisikiliza. Kabari alipewa Dieumerci. Exaucée alikuwa amejificha nyuma ya mama yake.

“Exaucée!” sauti ya kengele ikaita. “Kuya hapa. Kazi ni yako. Simama na miye.”

Madeleine akashika kifua, lakini akamsukuma binti yake mbele taratibu. Exaucée akasimama chini ya matofali yake mwenyewe.

Dieumerci akavuta. Mbao zikalia, zikashuka upana wa kidole. Kati ya mbao na matofali ukapita mstari mwembamba wa mwanga wa jua. Wazazi wakaliondoa umbo lote, na juu ya kichwa cha Exaucée hapakuwa na kitu kilichoyashika matofali ila matofali yenyewe. Hakuna chembe ya mchanga iliyoanguka. Udongo ule wa kichuguu, mzito vile, ulikuwa umekaa hewani kimya. Alitazama juu hadi shingo ikamuuma. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

“Iko muzuri,” alinong’ona. “Mama, iko muzuri sana.”

Mama Brigitte akaweka mkono mzito begani mwake, akasema kwa sauti ili watoto wote wasikie:

“Njia ya mwongo ni fupi, batoto, na uzito hauna huruma. Macho ya bantu unaweza kuyadanganya kwa ndoo moja ya maji. Uzito unauliza ndani. Tafari moja ikidanganya, zote zinaanguka, na muntu mwenye kusimama chini pia. Ikiwa kila moja inasema kweli, munaona wenyewe.”

Akaonyesha juu. Wazazi, mwalimu na watoto wote wakainua nyuso. Kisha, mmoja mmoja, wakaanza kuingia kwa mlango ule.