Chupa Iliyosikiliza

Pipi ikilowekwa kwenye pombe kali huyeyuka kuanzia pembeni kwenda katikati, polepole, hadi ibaki punje moja nyeupe. Shira alilijua hilo kama anavyoijua njia ya kwake. Kwa hiyo Jumatano ile asubuhi, alipofunua chupa yake kubwa ya mdomo mpana, akachota pipi nyekundu kwa kijiko na kuinyanyua dirishani, alijua papo hapo kwamba hii haikuyeyuka. Ilikuwa imemumunywa. Upande mmoja ilibonyea, pale ulimi unapokaa, na upande wa pili ilikuwa na alama ndogo za meno. Akachota ya pili, ya tatu, ya kumi. Zote zilikuwa hivyohivyo.

"Wewe bwana!" akapaza sauti. "Umetia mkono kwenye chupa yangu?"

Mumewe, fundi wa majokofu, alikuwa mlangoni anavaa viatu. "Mimi? Mwenye kisukari? Mke wangu, kama umenichoka sema tu, usinitafutie kifo cha pipi."

Shira akacheka. Kisha akaonja kile kinywaji, na kicheko kikamkatikia mdomoni, maana kilikuwa chungu kama shubiri.

Hilo jina la Shira alipewa na wateja, na lile la kuzaliwa likasahaulika hata na waliompa. Kazi yake ilikuwa vinywaji vya sherehe za watu wazima: pipi za mnanaa zilizolowekwa hadi pombe ikawa kijani, pipi za ndimu, pipi za mpira zilizonywa pombe hadi zikavimba, na ile nyekundu ya mdalasini iliyomtoa kimasomaso. Siri yake haikuwa uchawi. Chupa ya ile nyekundu hakuimaliza hata siku moja. Kila alipochuja alibakiza vidole viwili chini, akamiminia pombe mpya na pipi mpya juu yake, kama wanaogandisha maziwa wanavyobakiza mtindi wa jana. Miaka sita chupa ile haikuwahi kukauka. Alikuwa akiiita Bikizee.

Siri ya pili hakumwambia mtu. Chupa ya namna hiyo hutaka kukorogwa robo saa kila siku, na robo saa ni ndefu kwa mwanamke mwenye donge moyoni. Shira alikuwa akizungumza nayo.

Na donge alikuwa nalo, jamani, tusimlaumu bure. Mama yao aliugua miaka miwili. Shira ndiye aliyemgeuza kitandani, ndiye aliyemwogesha, ndiye aliyempoza uji kwa pumzi yake na kumlisha kijiko kwa kijiko. Mdogo wake, ambaye nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama, alikuwa mbali na shughuli zake, anapiga simu akikumbuka. Siku ya mazishi akafika na miwani ya jua usoni, na mbele ya wafiwa wote akasema, "Dada, ungemwahisha hospitali, mama angekuwa hai." Toka siku hiyo hawakusalimiana.

Basi Shira akikoroga, anasema. "Bikizee, unamjua huyu mtu? Ngoja nikueleze." Anaeleza miwani. Anaeleza simu zisizopigwa. Akimaliza anaanza upya, na kila siku anapata kipande kipya alichokisahau jana. Asubuhi moja ya mwaka ule wa kwanza, machozi yakimdondokea chupani, alisema hivi: "Kama kuna anayemtaka, na amchukue. Mimi nimempa." Akapiga kijiko ukingoni mara tatu, akafunika, akaenda zake kuosha vyombo.

Wanasema ndugu wakipatana, chukua kikapu ukavune. Wiki mbili kabla ya Jumatano ile, simu ililia, na upande wa pili ilikuwa sauti ya Kitinda, nyembamba, inatetemeka.

"Dada. Jumamosi, baada ya wiki mbili hizi, natimiza arobaini. Nafanya sherehe kwangu. Nataka ile nyekundu yako watu wanayoisifia, sijawahi hata kuionja. Na nakutaka wewe. Kama hutaki, nitaelewa."

Shira alikaa kwenye kigoda, akalia mpaka mumewe akadhani kuna msiba. Miaka sita! Na kumbe alichokuwa anakingojea ni maneno mepesi hivyo. Toka siku hiyo alikoroga huku anaimba kwa puani, na habari za mdogo wake hakuzieleza tena, maana hazikuwepo. Zilikuwa zimemtoka kama homa inavyotoka. Alikuwa anamrudisha mdogo wake, hakuna lingine alilolitaka duniani.

Jumatano hiyo akaongeza pipi, akakoroga, akafunika. Chungu. Akaongeza tena. Chungu zaidi, na jikoni kukaanza harufu ya sukari iliyoungua, wakati jiko lilikuwa limezimwa.

Alhamisi, jua la utosi, nyumba ilikuwa kimya. Mumewe alikuwa kazini. Shira alikaa sebuleni akifuta glasi za sherehe, moja moja, akizipanga kwenye boksi. Ndipo akasikia. Ko. Kimya. Ko, ko. Ni sauti ambayo kila mtu anaijua: pipi ngumu ikigonga meno ndani ya mdomo wa mtu asiye na haraka. Ilitoka jikoni.

"Nani?" akauliza, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

Ko, ko. Kisha kiti cha jikoni kikaburuzwa taratibu, kama mtu anayejisogeza mezani ili asikie vizuri, na ile harufu ya sukari iliyoungua ikapita chini ya pazia ikamjia miguuni ina joto, na Shira akabaki ameikumbatia glasi kifuani huku akisikia kitu kule ndani kikinyonya, kikimeza, kikivuta pumzi kwa ridhaa ya mgeni aliyezoea nyumba, kisha kwa sauti nyororo isiyokuwa ya mwanamume wala ya mwanamke kikasema:

"Wiki mbili hujanieleza kitu. Tuliishia kwenye miwani. Endelea."

Glasi ikamponyoka. Alikimbia nje bila viatu, akakaa barazani kwa jirani mpaka mumewe aliporudi. Jirani alipomuuliza, alisema ni joto tu.

Ijumaa asubuhi alikwenda kwa mganga. Huyu hakuwa mganga wa manyoya na vishindo. Alikuwa mwanamke mnene mwenye cherehani, anashona sare za shule, na wagonjwa wake waliketi katikati ya marundo ya kaptura. Shira alieleza kila kitu kwa kunong'ona. Mganga hakuacha kupindua pindo.

"Umemlisha miaka sita," akasema. "Jini hali wali, mwanangu. Wa kwako anakula uchungu. Wiki mbili umemkatia chakula, naye ameanza kula pipi, na akishiba utamu anatapika uchungu. Hilo tu."

"Hilo tu?"

"Ni jepesi kama utafanya mawili. La kwanza, hiyo chupa uimwage. Yote. Usibakize hata tone la kulowesha kidole. Uivunje, uizike. La pili, kabla mdogo wako hajala wala kunywa kitu cha mkono wako, umwambie kwa mdomo wako ulichokuwa unakisema. Chote. Kitu kilichosemwa mafichoni kinakufa kikisemwa hadharani."

Shira akatazama sakafu. "Chote?"

"Uliwahi kusema neno la kumtoa? La kumpa?"

"Hapana, mama. Sijawahi."

Mganga akakata uzi kwa meno. "Mimi nashona tu," akasema. "Sijui unamdanganya nani."

Shira alirudi nyumbani na kuibeba Bikizee mpaka kwenye karo la nyuma. Kabla ya kumwaga akaonja, kwa mazoea tu, maana mkono wa fundi haumwagi kitu bila kukionja. Na loo! Ilikuwa tamu. Haikuwa tamu ya siku zote, bali ile inayokupandisha machozi: mdalasini, moto kidogo, na mwishoni kabisa ladha ya pipi walizokuwa wakigawana yeye na Kitinda wakiwa wadogo, mmoja akimumunya nusu na kumpa mwenzake nusu iliyobaki. Hakuwahi kutengeneza kitu kizuri namna ile. Hatatengeneza tena.

Mkono wa kulia ukamwaga. Wa kushoto ulikuwa umeshika kikombe.

Kikombe kimoja tu, alijiambia. Cha Kitinda peke yake. Ameniomba nyekundu ya Shira, siyo maji ya rangi. Wageni wengine watakunywa ya chupa mpya, na yale maneno nitamwambia kwanza, kesho, kabla hajaonja. Nitamwambia yote. Akaivunja chupa, akaizika, akakifunika kikombe na kukitia kwenye friza. Mganga alisema asibakize tone, na Shira alikuwa amelisikia neno hilo vizuri kabisa. Lakini kubakiza ndiyo kazi yake, miaka sita, na mazoea yana tabu.

Jumamosi saa kumi alasiri alikuwa jikoni kwa Kitinda. Nyumba ilikuwa imejaa maputo na kelele. Aliponda pipi kwa kinu kidogo, akapangusa midomo ya glasi kwa ndimu, akaichovya kwenye ule unga mwekundu. Glasi ya Kitinda aliitenga pembeni, akaimiminia kile kikombe.

Kitinda akaingia, gauni la dhahabu, miguu mitupu. Alikuwa amenenepa kidogo na kuanza kufanana na mama yao. Alimkumbatia dada yake kwa nyuma, akaweka kidevu begani mwake.

"Yale niliyosema siku ya mazishi," akasema, "sikuwa na akili, dada. Ni mimi niliyejiona mkosaji, nikakutupia wewe. Nisamehe."

Hii ndiyo ilikuwa nafasi. Shira akageuka. Akafungua mdomo. Yote yalikuwepo pale kwenye ncha ya ulimi, miwani, simu, chupa, na lile neno. Akamwona mdogo wake anavyomtazama, macho yamejaa maji, hana kinyongo hata chembe, na akaogopa. Nikimwambia nilimtoa, ataondoka tena. Nimempata leo tu.

"Kitinda, kuna jambo..."

"Usiseme kitu. Leo tunywe." Kitinda akafuta machozi kwa mgongo wa mkono, akacheka. "Ipi yangu?"

Na Shira, Mungu amsamehe, akaona nafuu. Akamkabidhi glasi.

Kitinda akanywa nusu kwa mkupuo mmoja. Akafumba macho. "Mh," akasema. "Tamu." Akamaliza iliyobaki, taya zikianza kwenda taratibu upande huu na upande huu.

Ko. Ko, ko.

Ndani ya glasi ile hamkuwa na pipi nzima hata moja.

"Kitinda?"

"Sherehe nzuri, dada," akasema, kwa sauti nyororo. Akatoka kwenda kwa wageni wake, akacheza, akakata keki, akapigwa picha. Kila mtu alisema hajawahi kumwona na furaha namna ile. Shira peke yake ndiye aliyekuwa anasikia sukari ikiungua.

Jumatatu Kitinda alihamia kwa Shira na begi moja. Alimwambia mumewe Shira kwamba anataka kukaa karibu na dada yake, wafidie miaka iliyopotea, na shemeji mtu akafurahi. Majirani wakafurahi. Mganga alipoelezwa mlangoni pake hakumkaribisha Shira ndani. "Ulimpa," akasema tu, "na aliyepewa kapokea kwa mkono wako. Mimi natoa kilichoingia kwa wizi." Akarudi kwenye cherehani yake.

Sasa kila siku, jua likifika utosini na shemeji yuko kazini, kiti cha jikoni huburuzwa. Kitinda huketi, viwiko mezani, pipi mdomoni.

"Haya, dada. Nieleze habari za mdogo wako."

Siku moja Shira alijaribu kueleza mazuri. Alieleza pipi ya nusu kwa nusu, na jinsi Kitinda alivyokuwa akimsubiri getini wakati wa kutoka shule. Yule aliyeketi alitema sakafuni. "Hiyo siitaki," akasema, akaunyoosha mkono wa Kitinda, polepole, akauweka juu ya moto wa jiko, na kuuacha pale akitabasamu mpaka Shira akapiga magoti na kuanza kueleza miwani ya jua.

Yale ya kweli yaliisha mwezi wa pili. Siku hizi anatunga. Anasema mdogo wake alikuwa mwizi, alikuwa mchawi, alimtakia mama kifo. Anasema kwa sauti ya chini, uso ameuinamisha, maana akiuinua mara mojamoja huona kule ndani kabisa ya macho ya Kitinda, nyuma ya yule anayemumunya, mtu mwingine aliyekaa kimya, anayelisikia kila neno na kuliamini.