Wastani wa Timu ya Kobe

Kila Ijumaa asubuhi, kabla jua la Muscat halijaanza kuchoma, Nunu alikuwa wa kwanza kuamka nyumbani kwao mtaa wa Ghubra. Alikunywa chai, akajaza maji ya baridi kwenye chupa yake, akavaa kofia, kisha akapiga ukelele kutoka mlangoni, "Bibi, nakwenda kiwanjani!"

Na Bibi Masouda kila wiki alimjibu lile lile, "Haya nenda, mwanangu, kwa hao watu wako wanaosimama juani wakingoja mpira uwafuate."

Nunu alikuwa na miaka kumi na miwili, naye alikuwa nahodha wa timu ya kriketi iliyoitwa Kobe. Kiwanja chao kilikuwa cha changarawe, nyuma ya maduka. Mwalimu wao, Yassin, alikuwa mwenyeji wa Tanga. Siku za kazi alikuwa fundi wa viyoyozi; Ijumaa na Jumanne jioni aliwafundisha kriketi watoto wa mtaa waliosema Kiswahili majumbani mwao. Timu zilikuwa tatu: Kobe, Choroa na Tai.

Kwenye ukuta wa nje wa stoo yake, kando ya kiwanja, Mwalimu Yassin alitundika ubao mweupe wenye jedwali la timu. Aliyeliandika jedwali hilo alikuwa Ghaliya, rafiki mkubwa wa Nunu, mchezaji wa Choroa, ambaye hesabu kwake zilikuwa kama peremende.

"Kiarabu mnakisoma skuli," Mwalimu alikuwa akisema. "Kiingereza mnakisikia kwenye televisheni. Ubao wangu mimi ni wa Kiswahili."

Ijumaa moja aliwakusanya wote mbele ya ubao. Alikuwa na habari. Baada ya wiki tatu kungekuwa na mechi ya kimataifa ya siku moja katika uwanja wa Al Amerat, na watoto wa timu moja wangeingia uwanjani wameshika bendera, mbele ya wachezaji wenyewe.

"Timu gani?" watoto waliuliza kwa sauti moja.

"Itakayokuwa juu ya jedwali baada ya mechi ya Ijumaa ijayo kati ya Kobe na Choroa. Na jedwali letu tunalipanga kama zinavyopangwa timu za taifa za mechi za siku moja. Nisikilizeni vizuri. Kila mechi ina pointi zake. Ukimpiga aliye juu, unavuna nyingi. Ukimpiga aliye chini, unavuna chache. Ukifungwa na dhaifu, ole wako! Kisha pointi zote zinajumlishwa, zinagawanywa kwa idadi ya mechi, tunapata wastani. Mechi za zamani zinahesabiwa nusu, na zile za zamani sana zinatupwa. Tumeelewana?"

Nunu alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu. Aliposikia "tumeelewana" akatikisa kichwa kama wenzake. Wenzake nao walitikisa vichwa kwa sababu walimwona yeye, nahodha, akitikisa.

Ghaliya akasoma kwa sauti, "Choroa, mechi nane, pointi mia nane na arubaini, wastani mia na tano. Wa kwanza. Kobe, mechi kumi na mbili, pointi elfu moja mia moja na arubaini, wastani tisini na tano. Wa pili."

Nunu akadhani hakusikia vizuri. Akausogelea ubao. Elfu moja mia moja na arubaini, wa pili? Mia nane na arubaini, wa kwanza? Tangu lini mia nane ikaishinda elfu?

Fajr, mwenzake wa Kobe, akamnong'oneza, "Na umeona? Katuandikia wastani."

Neno hilo likamchoma Nunu. Nyumbani kwao, Bibi akiulizwa hali alijibu, "Wastani tu, mwanangu," maana yake si mzima sana wala si mgonjwa. Na ripoti za Nunu za skuli ya Unguja, za kabla hawajahamia Muscat, ambazo Bibi alizihifadhi sandukuni, zilikuwa na maneno matatu: bora, vizuri, wastani. Wastani ndilo lililokuwa chini kabisa.

"Na Choroa pia kawaandikia wastani," Nunu alisema, kichwa kikimzunguka.

"Ndiyo, lakini wao wastani mkubwa!" Fajr alijibu. Wastani mkubwa ni kitu gani? Hawakujua. Ghaliya alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka hapo, na kumuuliza kungechukua dakika moja. Lakini Nunu alikuwa nahodha. Nahodha aulize kitu ambacho ameshakitikisia kichwa?

Mazoezi yalipokwisha, Mwalimu akamtuma kurudisha magongo stoo. Nunu alikuwa peke yake mbele ya ubao. Akachukua kitambaa, akafuta. Akaandika Kobe juu, Choroa chini. "Sijaiba," alijiambia. "Nimesahihisha tu." Hata hivyo alitoka stoo akitembea haraka, wala hakumuaga mtu.

Jumanne jioni alikuta watu wamesimama mbele ya stoo. Mwalimu Yassin alikuwa ameshika kalamu ya ubao, uso wake haucheki.

"Ghaliya, jedwali hili la nani?"

"Langu, Mwalimu. Lakini mie sikuandika hivi."

"Basi nani? Umechoka, au umefanyiwa mzaha na rafiki zako?"

"Wallahi sikuandika hivi!"

Mwalimu hakumgombeza. Alisema kwa upole tu kwamba kalamu itakaa kwake mpaka atakapopata mtu makini zaidi, na kwamba safari ya Al Amerat haiwezi kuamuliwa kwa ubao usioaminika. Ikibidi, ataacha iende timu ya mtaa mwingine. Ghaliya akafuta macho kwa mkono wa fulana yake, kisha akamwangalia Nunu, kama mtu anayengoja rafiki yake aseme neno. Nunu akaangalia changarawe.

Usiku ule Nunu aliiacha sahani ya wali kama ilivyo. Kesho yake alasiri Bibi Masouda alimwita jikoni.

"Sahani yako ya jana nimeikuta imejaa. Leo tena umekula kama kuku mgonjwa. Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu, Bibi."

"Nimekuuliza umefanya nini, sikukuuliza kama umefanya."

Hapo Nunu akalia, na maneno yakatoka yote kwa pamoja: pointi, wastani, kitambaa, Ghaliya. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Yeye alisoma madarasa manne tu, na kriketi kwake ilikuwa watu wengi wenye kofia. Nunu alipomaliza, akasema:

"Nnalojua mie, hilo neno wastani lina sura mbili. Ngoja."

Akateremsha chupa kubwa ya chai, ile ya wageni, akaweka pembeni yake kikombe kimoja.

"Chupa hii inajaza vikombe kumi na viwili. Nimetia sukari vijiko sita. Kikombe hiki kimoja nimekitia vijiko viwili. Wapi kuna sukari nyingi?"

"Kwenye chupa."

"Una hakika?"

"Bibi! Sita na mbili!"

"Haya, onja." Akammiminia kutoka kwenye chupa. Nunu akaonja, kisha akaonja kile kikombe kimoja. Akarudi kwenye cha kwanza, akakunja uso.

"Mbona cha chupa hakina utamu?"

"Si una hakika chupa ina sukari nyingi?"

"Inayo, lakini..." Nunu akahesabu kwa vidole. "Vijiko sita vimegawika vikombe kumi na viwili. Kila kikombe kimepata nusu kijiko."

"Na hiyo nusu kijiko mwalimu wako angeiitaje?"

Nunu akakimbia kuleta daftari. Elfu moja mia moja na arubaini, gawanya kwa kumi na mbili: tisini na tano. Mia nane na arubaini, gawanya kwa nane: mia na tano. Ghaliya hakukosea hata nukta. Kobe walikuwa na pointi nyingi kwa sababu walicheza mara nyingi. Walikuwa chupa kubwa.

"Bibi, nimefuta kitu kilichokuwa sawa," alisema kwa sauti ndogo.

"Naam. Na mwenzio amelizwa kwa ajili yako. Chai ukiikosea unaimwaga unapika nyengine. Hili je?"

Ijumaa Bibi alikwenda naye. Mama yake Nunu aliwapeleka, akasimamisha gari kando ya kiwanja, na Bibi akabaki ndani, kioo amekishusha, chupa ya chai mapajani. Nunu alitembea peke yake mpaka mbele ya ubao. Timu zote tatu zilikuwapo.

"Mwalimu, jedwali nilibadilisha mimi. Ghaliya aliandika sawa. Mimi sikuelewa wastani ni nini, nikaona haya kuuliza, nikafuta."

Mchezaji mmoja wa Tai akacheka, "Nahodha hajui kugawanya!" Mwalimu akamtupia jicho.

Ghaliya alikuwa amekunja mikono. "Ungeniuliza tu, Nunu."

"Najua."

"Siku nne nimeitwa mwongo. Siku nne!"

"Najua. Nisamehe."

Ghaliya akageukia ubao. Mwalimu Yassin akamrudishia kalamu mbele ya wote, akamwomba radhi na yeye kwa kumshuku bila ya kuuliza. Halafu akamgeukia Nunu. "Leo nahodha ni Fajr. Wewe utacheza kama wengine. Mechi ikimalizika, hesabu utafanya wewe, hapa, mbele ya kila mtu, na Ghaliya atakagua."

Mechi ilikuwa kali. Choroa walipata mbio themanini na nne. Kobe wakazifukuza mbio hizo, wakazifukuza, na mpira wa mwisho ulipopigwa, nao walikuwa na themanini na nne. Sare! Fujo ikazuka pale pale.

"Hakuna aliyeshinda, basi jedwali libaki kama lilivyo!" walisema Choroa.

"Libaki vipi, na sisi ndio tulio chini?" walisema Kobe.

Mwalimu akanyoosha mkono. "Mkitoka sare na mtu mnayekaribiana naye, kila mmoja anachukua wastani wa mwenzake. Nunu, kalamu hiyo."

Nunu akaandika, jasho likimtiririka. Kobe wanachukua mia na tano za Choroa: jumla elfu moja mia mbili arubaini na tano. Choroa wanachukua tisini na tano za Kobe: jumla mia tisa thelathini na tano. Akagawanya kwa Choroa, akakadiria kwa namba nzima: mia na nne. Akagawanya kwa Kobe: mia na nne.

"Tumewafikia!" Fajr akaruka. "Al Amerat tunakwenda wote!" Kobe wakakumbatiana. Mtu akaanza kupiga makofi.

Nunu alikuwa bado anaangalia ubao. Kuna kitu hakikukaa sawa. Kwa Choroa alikuwa amegawanya kwa tisa, maana mechi ya leo imeongezeka. Kwa Kobe... alikuwa amegawanya kwa kumi na mbili. Ile ile kumi na mbili ya wiki iliyopita. Mechi ya leo ameisahau.

Akageuka. Ghaliya alikuwa akimtazama, kalamu ya pili mkononi. Ameona. Wengine wote walikuwa wakishangilia.

Nunu akachukua kitambaa kile kile. Akaifuta mia na nne ya Kobe.

"Nunu, unafanya nini?" Fajr alipiga kelele.

"Nimesahau kikombe kimoja," alijibu. Akaandika upya: gawanya kwa kumi na tatu. Tisini na sita. "Sisi tumepanda moja, wao wameshuka moja. Lakini bado wao wako juu."

"Sare, na sisi tumepanda, na wao wameshuka, na bado wao wa kwanza?" Fajr alijishika kichwa. "Sielewi!"

"Hata mimi sikuelewa," Nunu alisema. "Njoo nikuonyeshe. Usitikise kichwa mpaka uelewe."

Ghaliya akasogea, akakagua tarakimu moja moja, akaweka alama ya sahihi pembeni. Kisha akasema bila ya kumwangalia, "Kuna chai kwenye lile gari?"

"Ipo. Lakini haina sukari ya kutosha."

Wakaenda pamoja. Bibi Masouda akawamiminia, akasikiliza habari yote ya sare, akauliza mara mbili nani kashuka, akauliza mara ya tatu. Mwisho akasema:

"Sikilizeni, wanangu. Kutoelewa si aibu. Mie hapa nimekaa asubuhi nzima sielewi, na bado mzima. Jambo likikuchanganya, liulize. Usiligeuze lifanane na ulivyotaka wewe, kwa sababu ukiligeuza, kuna mwenzio atakayelipa. Na ukikosea, kitambaa ni kile kile: aliyekitumia kwa uongo anaweza kukitumia kwa haki."

Wiki mbili baadaye Ghaliya aliingia uwanja wa Al Amerat ameshika bendera. Nunu alimwona kwenye televisheni, akapiga ukelele mpaka Bibi akaziba masikio.

"Na weye?" Bibi alimuuliza taratibu. "Hali yako leo?"

Nunu akafikiri kidogo. Alikuwa na huzuni kiasi na furaha kiasi.

"Wastani, Bibi."

"Wastani upi?"

"Sura zote mbili," alisema Nunu, akasogeza kikombe chake aongezwe chai.