Kasuku Aliyeitika Kwanza

Siku waliyohamia jua lilikuwa kali, na wote walikuwa na ile furaha ya kijinga ya watu waliopanga vyumba miaka kumi na moja na leo wana mlango wao. Fundi cherehani alibeba mashine yake mwenyewe, hakumwamini mpagazi. Mumewe, dereva wa lori, alijitwika godoro huku akiimba. Binti yao wa miaka sita, waliyemwita Kadogo, alikumbatia tundu la kasuku huku akilisukumasukuma kwa ulimi jino lake la mbele lililolegea. Nyuma yao alikuja Askari, mbwa mwenye jina kubwa na roho ndogo, aliyewahi kufukuzwa na bata.

Walikuwa wameuza kiwanja, pikipiki, hata hereni za harusi.

"Hapa hata wakitufukuza hatuna pa kwenda," dereva alitania. Mkewe akacheka.

Kilichomuudhi fundi siku hiyo ni dalali aliyewauzia nyumba. Fundi alimwita kutoka chumba cha nyuma amwonyeshe ufunguo wa stoo. Kimya. Akaita tena. Mara akaguswa bega, akaruka. Dalali alikuwa amesimama nyuma yake, anatabasamu.

"Kwani huna mdomo, kaka yangu?"

Majirani nao walikuwa vivyo hivyo. Unamwita mtu uani kwake, unamwona kabisa amesikia, lakini haitiki ng'o. Atatua ndoo, atakuja kimyakimya, atakugusa bega, ndipo aongee. Fundi alisema mtaa ule haukufunzwa adabu.

Kwake yeye adabu ilianzia hapo. Kadogo akiitwa mara moja tu, "Abee, mama!" na miguu iko njiani. Akichelewa, kofi. Kasuku naye alidaka, kwa hiyo fundi akiita mtoto, hujibiwa na sauti mbili, na wageni hufa kwa kicheko. Mzee aliyewauzia ndege yule aliwaambia, "Huyu hatungi neno. Anasema alichosikia tu."

Siku ya nne, saa sita mchana, fundi alikuwa barazani anashona sare za shule. Kadogo amelala kwenye mkeka. Hakuna aliyemwita mtu. Ndani, kasuku akasema, "Abee!"

"Umeanza kuzeeka, wewe," fundi akamjibu.

Lakini Askari alikuwa ameshainuka. Akaingia ndani akitikisa mkia, moja kwa moja hadi chumba cha nyuma, na fundi akamfuata. Mbwa alikuwa ameketi katikati ya chumba kitupu, amefumba macho, shingo juu. Manyoya ya kichwani mwake yalikuwa yanalala, yanainuka. Yanalala, yanainuka. Mkono ulikuwa hauonekani.

Kesho yake Askari hakuwepo. Geti lilikuwa na kufuli, madirisha yana nondo. Mkanda wake wa shingoni waliukuta chumba cha nyuma, umefungwa vilevile, tundu lilelile la tatu. Kadogo alilia mpaka akatapika.

Mchana huo kasuku alisema kwa sauti ya bibi mzee, iliyochoka, "Nani yupo? Njooni basi, wanangu."

Fundi alitoka mbio hadi kwa jirani yake, mama muuza mkaa. Safari hii hakuita. Alimgusa bega. Yule mama alimtazama usoni, akanong'ona, "Mwanao ameshaitika?"

"Mbwa. Mbwa na kasuku."

"Basi bado una nafasi." Mama muuza mkaa akafuta mikono yake kwenye khanga, haikufutika. "Bibi aliyekuwa mwenye nyumba yenu alianguka chumba cha nyuma. Aliita siku tatu, dada, mpaka akafa. Tulimsikia, mtaa mzima. Kila mtu alidhani mwenzake ataitika. Sasa yeyote anayeitika ni wake."

Dereva aliposikia alishika kichwa. Hakumbishia, alikuwa ameuona ule mkanda. "Twende wapi, mama Kadogo? Tukalale chini ya lori? Nipe siku tatu nipeleke mzigo. Jumamosi nawahamishia kwa dada yako, hata kama ni barazani."

Siku tatu fundi hakushona. Alikuwa na kazi moja tu, kumfuta mwanawe adabu aliyomtia miaka sita.

"Ukiitwa usiitike."

"Hata ukiniita wewe?"

"Hata mimi. Nikikutaka nitakugusa."

Halafu anamjaribu. "Kadogo!" "Abee, ma..." Mtoto anajiziba mdomo, amechelewa. Kofi. "Kadogo!" "Abee!" Kofi. Mashavu yakamvimba binti wa watu, na mama anapiga huku analia, anaomba radhi, anaita tena. Hatimaye, Ijumaa jioni, aliita mara ishirini, na mtoto akanyamaza mara ishirini. Fundi alimkumbatia, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Kasuku alikuwa anasikiliza muda wote.

Jumamosi, saa sita mchana, lori lilipiga honi. Fundi alikuwa amefunga khanga kiunoni mwake na ncha ya pili kiunoni mwa Kadogo, fundo juu ya fundo. Walitoka pamoja. Hatua kumi na mbili hadi getini. Dereva akashuka, akaanza kupakia. Fundi aliinamia mashine yake, mikono yote miwili.

Ndani ya nyumba, sauti yake mwenyewe ikaita, kali, kama ya jana:

"Kadogo!"

"Abee, mama!"

Khanga ikawa nyepesi.

Hakusikia miguu ikikimbia. Aligeuka. Kitanzi cha khanga kilikuwa chini, mchangani, mafundo yote mahali pake. Jua linawaka. Tundu la kasuku lilikuwa juu ya lori tayari, limefunikwa, na ndege amelala.

Polisi walichimba uani na chumba cha nyuma. Hawakukuta hata unywele.

Walipanga chumba kimoja, ng'ambo ya mji. Dereva alitaka kumchinja kasuku, fundi akamshika mumewe miguu asimguse ndege. Ndege hakutamka neno miezi saba. Fundi alishona, akamwangalia, akashona. Khanga ile haikutoka kiunoni mwake, na kitanzi kitupu kilimning'inia pembeni.

Kisha mchana mmoja kasuku akatikisa mabawa, akasema kwa sauti ya Kadogo:

"Mama, jino limetoka."

Mkasi ukamdondoka.

"Mama. Mama! Mbona huitiki?"

Fundi alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Alikaa hivyo mpaka alasiri, machozi yakimpita vidoleni, na mtoto anaita.

Yaliyobaki anayajua dereva. Aliporudi jioni, mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani, akauvunja. Kitambaa kilikuwa bado chini ya sindano. Sakafuni ilikuwapo khanga, vitanzi viwili, kikubwa na kidogo, mafundo yote yamekaza. Katika kikopo cha maji cha kasuku lilikuwa limezama jino moja dogo la mtoto.

Alimwita mkewe. Aliita, akaita.

Kasuku akamtazama, akasema kwa sauti ya fundi, taratibu, "Abee, mwanangu. Nakuja."