Kengele ya Kukamulia

Rwekaza alikuwa katikati ya tusi saa ilipolia.

Alikuwa sebuleni kwake Biharamulo mjini, simu karibu na mdomo, akirekodi ujumbe wa sauti kwa kundi lao la wapenda saa za zamani. Kiwanda kimoja cha Ulaya kilikuwa kimetoa upya ile saa ya mkononi ya kutia ufunguo, yenye kengele, waliyoitamani tangu ujana. Kundi zima lilikuwa linatema mate. Venance wa Mwanza aliiita sufuria yenye mkanda. Mwingine alisema inalia kama mbu aliyebanwa na mlango. Lakini kwa ulimi, hakuna aliyemfikia Rwekaza, bwana mifugo mstaafu.

"Kioo kinang'aa kama jicho la mlevi," alisema. "Halafu wameipaka rangi ili ionekane kuukuu! Hiyo ni saa ya kumpa mtu asiyejua..."

Hapo ndipo saa ya zamani, ya kweli, iliyokuwa mezani, ikaanza kulia huku ikitambaa juu ya kitambaa. Hakuwa ameitia ufunguo hata siku moja tangu aipate.

Aliipata kijijini Nyakahura, kwa Yuster, mjane wa mfugaji wa Kisukuma aliyeitwa Nyanda. Alinunua hiyohiyo mpya anayoitukana, akampelekea. "Mama, ni ileile, ila hii haijachoka. Tubadilishane." Yuster aliipokea bila swali. Njiani Rwekaza alicheka peke yake juu ya pikipiki. Wachunga ng'ombe! Wanatoa dhahabu, wanachukua bati.

Sasa, kengele ikiwa bado inalia, mke wake, Tecla, aliyekuwa akichambua maharage, aliinuka, ungo ukaanguka, akatoka uani bila kuangalia nyuma. Jua lilikuwa linazama. Rwekaza alimkuta amechuchumaa chini ya mgomba, mikono yake ikivuta hewa kwa zamu, huu ukishuka huu ukipanda.

"Tecla! Ndiyo nini hiyo?"

Kengele ikanyamaza. Tecla akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. "Sijui," alisema. "Vidole vinaniuma."

Ndani ya nyumba kulinuka maziwa mabichi na kinyesi cha ng'ombe. Hawakuwa na ng'ombe.

Jioni iliyofuata ikalia tena. Rwekaza aliifunga kwenye blanketi, akaitia sandukuni, akakalia sanduku, na bado aliisikia ikitetemeka chini ya mapaja yake kama kitu chenye pumzi, na nje akamsikia Tecla, Mhangaza asiyejua Kisukuma hata cha kuombea maji, akisema "Mwadila", salamu ya jioni ya Wasukuma, kwa mtu ambaye hakuwepo, kisha akiita ng'ombe kwa majina, mmoja mmoja, kwa sauti ya kubembeleza, na baada ya majina ikaja sauti ambayo bwana mifugo aliijua kuliko jina lake, chwaa, chwaa, maziwa yakigonga ndoo tupu, na alipotoka mbio aliona ndoo ikijaa povu la moto chini ya mikono isiyoshika kitu, huku mashavu ya mkewe yakiingia ndani kama kuna anayeyanyonya.

"Baba Josiane," Tecla alinong'ona, "mwambie aache. Ananivuta mpaka mifupani."

"Nani?"

"Usiseme kwa sauti. Yuko hapa."

Wiki haikuisha, gauni likawa linamning'inia kama limetundikwa kwenye kamba. Rwekaza akaenda Nyakahura.

Yuster alikuwa akianika mihogo, saa mpya mkononi. Rwekaza alipoiweka ya zamani juu ya mkeka, mama yule akarudisha miguu yake nyuma haraka.

"Mama, nilikukosea. Hii ndiyo yenye thamani. Nimekurudishia."

Yuster alicheka mpaka akajifuta macho. "Bwana mifugo, kumbe ulidhani umetuibia?"

Rwekaza akaisogeza saa karibu zaidi na mama yule.

"Nyanda aliipata kwa mganga, pamoja na huyo aliyemo. Ng'ombe wakazaa, zizi likafurika. Nyanda alipokufa tukauza mifugo, na huyo akawa hana cha kukamua. Akaanza na mkwe wangu Restituta. Tulimzika mwepesi kama ganda la karanga."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Ulikuwa na haraka, umebana kicheko. Nilikuona." Akainua mkono wake. "Hili bati lako linalia, linanyamaza. Haji mtu."

"Nifanyeje, mama? Mke wangu anaisha."

"Tuliitupa mtoni, ikarudi. Tuliichoma, ikapoa. Inaondoka kwa namna moja tu: aichukue mtu anayeitaka kwa moyo wake wote." Alimtazama juu mpaka chini. "Watu kama wewe ni wengi?"

Walikuwa wengi. Picha moja tu kwenye kundi, na Venance akapanda basi la kwanza kutoka Mwanza. Aliishika saa kwa mikono miwili, akaibusu kioo.

"Hii sasa ndiyo saa! Mke wangu Agness atachoka kunisikia. Haina tatizo lolote?"

Tecla alikuwa amelala kwenye mkeka, hata kikombe hawezi kukiinua. Alimwangalia mumewe. Midomo yake ilijaribu kusema neno.

"Haina," Rwekaza alisema.

Venance akaondoka nayo, na harufu ya maziwa ikatoweka siku hiyohiyo. Tecla akaanza kula uji, kisha ugali, kisha akasimama. Jioni moja Rwekaza alifungua ujumbe wa sauti wa Venance. Alikuwa akiiponda ile saa mpya, anaiita mwanaharamu, na kundi lilikuwa limejibu kwa vicheko tele. Nyuma ya sauti yake kengele ikalia. Kiti kikasogea. Nyayo zikapita taratibu kuelekea mlangoni. "Agness," Venance aliita, bado anacheka, "wapi tena, mama?" Ikasikika ndoo ikiburutwa.

Tecla alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote.

"Mpigie," alisema. "Mwambie sasa hivi."

Rwekaza aligeuza simu, akailaza kifudifudi mezani.

Tecla alimwangalia kama mtu anavyoangalia kitu alichokikanyaga gizani, kisha akaingia chumbani kufunga nguo zake.