Fundi Umeme na Jino Lililomeguka

Fundi umeme alikuwa na plaizi tatu mkobani, zote nzima, zote kali. Lakini akishapanda ngazi, mkono mmoja umeshika boksi la swichi na mwingine umeshika waya, alikuwa mvivu wa kushuka kuzifuata. Aliutia waya mdomoni, akaung'ata, akauvuta. Ganda la plastiki lilitoka, shaba ikaonekana, kazi ikaendelea. Alimenya nyaya hivyo kwa miaka kumi na tisa.

Yaliyolipia uvivu huo ni meno yake ya mbele. Mawili ya juu yalikuwa yamepandana tangu utotoni, kama watu wanaogombea mlango. Lile la kushoto lilikuwa limechimbika kidogo, pale waya ulipozoea kupita. Watu walimsifu kwa kazi safi, ila hakuna aliyewahi kumwona akicheka sawasawa. Alicheka amefumba mdomo, mabega tu yakitikisika. Wateja wengine walidhani ana maringo.

Asubuhi moja, akiwa anafunga taa chumbani kwa mteja, aling'ata waya mnene kuliko kawaida. Alisikia kra. Kitu kigumu kikaangukia juu ya ulimi wake. Alikitema kiganjani, akaona kipande cha jino. Alipovuta hewa, hewa ile ilimchoma mpaka utosini. Alishuka ngazi, akamwambia mwenye nyumba atarudi, akafunga mdomo na kushika njia ya kwao.

Mtu mwingine angekwenda moja kwa moja kwa daktari wa meno. Fundi huyu asingekwenda hata kwa kuburutwa. Alipokuwa na miaka minane alipelekwa kwa mtu aliyekuwa aking'oa meno barazani kwake. Hakukuwa na sindano ya ganzi. Mjomba wake alimkandamiza mabega, mtu yule akamshika taya. Alilia waache, hawakuacha. Tangu siku hiyo, akisikia tu harufu ya dawa za hospitali aligeuza njia. Nyaya za umeme mkubwa alizishika bila kutetemeka, lakini likija suala la jino, alikuwa yule yule mtoto wa miaka minane.

Basi akakata shauri alitengeneze mwenyewe. Kwani yeye si fundi?

Mkewe alimkuta bafuni mbele ya kioo, ameuvuta mdomo wa juu kwa vidole. Kwenye ukingo wa sinki palikuwa na tupa ya chuma na gundi kali, ile anayogandishia soketi zilizopasuka.

"Baba Watoto, unafanya nini?"

"Narekebisha kitu."

"Kitu gani hicho kinachorekebishwa kwa tupa mdomoni?"

Mkewe aliichukua gundi, akaitia mfukoni, akatoka bila kuaga. Fundi alijua anakokwenda. Nyumba ya tatu kutoka kwao aliishi muuguzi anayemsaidia daktari kwenye kliniki ya meno. Miaka yote fundi alikuwa akimpiga chenga mama huyo. Akimwona anakuja upande huu, yeye anavuka upande wa pili, maana aliamini anamkagua mdomo.

Muuguzi alifika mikono bado ina povu la sabuni. Hakumkaripia. Aliuliza kipande kiko wapi, na fundi akafungua ngumi. Muuguzi alikitia kwenye kikombe cha maziwa ili kisikauke, akasema mara nyingine daktari huweza kukirudisha mahali pake.

"Shemeji," akamwambia, "ungetia gundi hiyo ungeunguza ufizi. Tena uchafu ungefungiwa humo ndani. Jino lingeoza kimyakimya, usaha ukaingia mfupani. Nimepokea watu wamevimba uso mpaka jicho halifunguki."

Fundi aliuliza kwa sauti ndogo kama jino litang'olewa. Hilo ndilo lililomtia hofu kuliko yote: kushikwa tena, kung'olewa, kisha kubaki na pengo katikati ya uso.

"Sijui," muuguzi akasema. "Siwezi kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Likitazamwa mapema, kuna nafasi nzuri ya kulibakiza. Ukikaa nalo wiki baada ya wiki, nafasi inapungua."

Mke naye akauliza kuhusu yale meno yaliyopandana, maana yeye alidhani mambo hayo ni ya watoto wa shule. Muuguzi alisema kliniki yao inapokea watu wazima kila wiki, na mmoja wao ni bibi mwenye wajukuu. Jino lililomeguka kidogo huzibwa kwa dawa ngumu yenye rangi ya jino. Likimeguka sana huvikwa kofia. Meno yaliyopandana hunyooshwa kwa nyaya nyembamba zinazobandikwa juu yake, au kwa vifuniko vya plastiki ambavyo mtu huvivua wakati wa kula. Mtu mzima huchukua muda, mara nyingi mwaka mmoja au miwili. Na kabla ya hayo yote, fizi ziwe na afya na matundu yazibwe. Alimwonya fundi asije akawekewa nyaya na mtu wa mtaani asiye na ujuzi, kwani jino likivutwa vibaya linaweza kulegea na kutoka. Kisha akasema kunyoosha si lazima. Kama mtu anatafuna vizuri, anasafisha vizuri, na roho yake imetulia, anaweza kuyaacha yalivyo.

Fundi alisikia yote, lakini akili yake ilibaki kwenye sindano.

"Na ganzi isiposhika?" akauliza.

Muuguzi alimtazama. "Wewe kabla hujagusa waya, unafanya nini?"

"Nazima umeme. Halafu napima kwa testa."

"Umezima mwenyewe, unapima cha nini?"

"Unaweza kuwa umezima swichi siyo. Waya hauaminiwi mpaka umepimwa."

"Na sisi ni hivyo hivyo. Daktari anachoma ganzi, anasubiri, halafu anapima. Ukihisi maumivu, anaongeza, anasubiri tena. Haanzi mpaka amepima."

Katika miaka yote ile, hakuna aliyewahi kumweleza fundi jambo hilo.

Kesho yake alikwenda kliniki, shingo upande, mkewe ubavuni na kile kikombe cha maziwa mkononi. Wakiwa kwenye benchi, mara mbili alisema anakwenda chooni, na mara zote mbili mkewe alimsindikiza mpaka mlangoni akamsubiri. Alimjua mumewe.

Daktari alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya taratibu. Alilipiga jino picha ya eksirei, akaitazama, akasema mzizi ni mzima na mshipa wa ndani haujaguswa. Pembeni palikuwa pameanza kuoza kidogo. Patasafishwa, na kipande kitarudishwa. Jino linabaki.

"Ukitaka nisimame, inua mkono wa kushoto," akasema. "Nitasimama. Huna haja ya kunipa sababu."

Sindano ilichoma. Fundi alihesabu mpaka kumi, mdomo ukaanza kuwa mzito. Daktari alisubiri, akagusa hapa, akagusa pale, akauliza. Fundi hakuhisi kitu. Ndipo mashine ikaanza kulia.

Maumivu hayakuwepo, lakini hofu ilimpanda yote kwa mpigo. Aliona lile baraza. Alihisi mikono ya mjomba mabegani, na hapakuwa na mtu aliyemshika. Akainua mkono.

Mashine ilinyamaza papo hapo. Daktari alirudisha mikono yake nyuma.

"Panauma?"

Fundi alitikisa kichwa. Macho yalikuwa yamelowa. "Hapana," akasema kwa ulimi mzito. "Nilikuwa napima tu."

Daktari hakucheka wala hakumharakisha. Alikaa, akasubiri, mpaka fundi mwenyewe alipofungua mdomo tena.

Kipande kilirudishwa siku ile ile. Baadaye fizi zake zilisafishwa, na muuguzi akamfundisha kupiga mswaki mara mbili kwa siku, bila kusugua kama anayeosha sufuria. Fundi aliuliza gharama na muda, akazungumza na mkewe, kisha akachagua nyaya. Alikaa nazo mwaka mmoja na miezi mitano. Sasa meno yake yamekaa kwenye mstari, na akilala huvaa kifuniko chembamba cha plastiki ili yasirudi yalikokuwa. Waya anaumenya kwa plaizi, hata kama itabidi ashuke ngazi mara saba.

Hofu haikuisha kwa siku moja. Safari ya pili aliinua mkono, na safari ya tatu pia, na kila mara daktari alisimama. Siku ya kutolewa nyaya, daktari alipomaliza na kumpa kioo, mkono wa kushoto wa fundi ulikuwa umelala pajani. Alikuwa ameusahau.